Aibu Mezani: Namna ya Kuonja na Kuchagua Mvinyo Mwekundu



Jioni moja, miaka michache iliyopita, mimi na mama watoto tulialikwa chakula na wazazi wa kijana aliyekuwa amemposa binti yetu. Mkahawa ulikuwa wa heshima: vitambaa vyeupe mezani, mishumaa, na wahudumu waliotembea bila kusikika. Mwenyeji wetu, Mwingereza mpole wa umri wangu, aliagiza chupa ya mvinyo mwekundu wa Kifaransa, kisha akaniomba mimi niuonje kwa niaba ya meza nzima. Mhudumu akazibua, akanimiminia tone katika bilauri, akasimama akiningoja, mkono mmoja mgongoni.

Nikaonja. Harufu iliyonijia ilikuwa ya boksi la karatasi lililolowa mvua na kusahauliwa stoo. Ladha nayo ilikuwa imefifia, kama mchuzi uliokosa chumvi. Lakini nikajiuliza: mimi ni nani hata niukosoe mvinyo wa pauni 40? Labda ndivyo unavyotakiwa kuwa. Nikainamisha kichwa kukubali. Mhudumu akajaza bilauri zote. Tukanywa kwa adabu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake, na mwenyeji wetu akalipa.

Siku nyingi baadaye nilimsimulia habari hiyo mwenzetu mmoja ambaye amefanya kazi ya uhudumu mahotelini kwa zaidi ya miaka kumi. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kaka," akaniambia, "lile tone hawakupi ili useme kama umeupenda. Wanakupa ili useme kama umeharibika. Na ule ulikuwa umeharibika."

Nimeandika makala haya kwa kuamini kwamba si peke yangu niliyewahi kunywa aibu kwa bilauri. Wengi wetu tunaoishi ughaibuni hualikwa, hualika, hupeleka zawadi kwa majirani, na wengine wetu hupata riziki kwa kuwahudumia wanywaji. Mbele ya rafu ya supamaketi yenye chupa mia mbili, tunachagua kwa kutazama picha au bei. Nia yangu ni kuonyesha kwamba elimu inayotakiwa ni ndogo kuliko tunavyotishwa, na kwamba chombo kikubwa cha elimu hiyo tunacho tayari, nacho ni ulimi.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa wasomaji wetu ambao dini yao imekiharamisha kileo. Makala haya hayamwiti mtu mezani. Na kwa wanaokunywa, kiasi ni uungwana: ushauri wa afya wa hapa Uingereza tangu mwaka 2016 ni kutozidi vipimo 14 kwa wiki, na chupa moja ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 13 ina vipimo karibu 10.

ULIMI WETU SI MGENI

Tusijidanganye kwamba kuonja ni ujuzi wa Wazungu peke yao. Kule Kilimanjaro mbege haigawiwi kabla haijaonjwa. Wahaya wanaifahamu rubisi iliyoiva na ile iliyopitiliza; watu wa Iringa wanautofautisha ulanzi wa asubuhi na wa jioni. Watu wa pwani nao walipata methali nzima kutokana na kuonja: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo tuishike mkononi, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye chupa zenye majina makubwa.

Lugha yetu nayo imetupa maneno ya kutosha. Chukua neno ukakasi. Kila aliyewahi kuuma bibo la mkorosho au ndizi mbichi anajua namna ulimi unavyokauka na mashavu kuvutana. Hilo ndilo jambo la kwanza la kutafuta katika mvinyo mwekundu. Maji ya zabibu nyekundu, karibu aina zote, hayana rangi. Wekundu hutoka katika maganda, ambayo huachwa yachache pamoja na maji yake. Maganda hayo, pamoja na kokwa, ndiyo yanayoleta ukakasi. Kwa sababu hiyo mvinyo mwekundu huwa na ukakasi kuliko mweupe.

Jambo la pili ni uchachu, ule unaofanya mate yatoke kama mtu aliyelamba ukwaju. La tatu ni nguvu ya kileo, inayosikika kama joto kooni baada ya kumeza. Chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo. Kwa hiyo zabibu za nchi yenye jua kali, zilizojaa sukari, hutoa mvinyo wenye nguvu na mzito, na zile za nchi ya baridi hutoa mwepesi wenye uchachu zaidi. La nne ni utamu. Mivinyo mingi myekundu ya mezani haina sukari ya kusikika, nayo huitwa mikavu. Anayezoea divai ya kanisani, ambayo mara nyingi ni tamu, hushtuka anapokutana na mvinyo mkavu kwa mara ya kwanza, akadhani umechacha.

Ukakasi, uchachu, nguvu, utamu. Mwenye kuweza kuyataja manne haya ameshavuka nusu ya njia.

KUONJA HATUA KWA HATUA

Mimina kidogo, theluthi ya bilauri. Izungushe polepole ili harufu ipande. Nusa kabla ya kunywa. Ukisikia karatasi iliyolowa au chumba chenye kuvu, kizibo kimeuharibu mvinyo. Ukisikia siki, hewa imeuharibu. Chupa ya namna hiyo hurudishwa, dukani au mkahawani, bila kuomba msamaha.

Kisha vuta funda dogo, ulizungushe kinywani, ukijiuliza yale maswali manne. Waonjaji wa kazi hutema baada ya hapo, kwa sababu wanaonja chupa nyingi kwa siku na wanataka akili ibaki timamu. Mwishowe hesabu kimoyomoyo: ladha imedumu kwa muda gani baada ya kumeza? Mvinyo dhaifu huaga mara moja, mzuri hukaa.

Angalizo moja dogo. Husemwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumbani. Msemo huo ulizaliwa katika nyumba za zamani za Ulaya zilizokuwa na baridi. Nyumba zetu za leo, zenye mitambo ya joto, zinazidi kiasi. Iweke chupa ndani ya jokofu kwa dakika 20 hivi kabla ya wageni kufika, nawe utaona tofauti.

JINA NA BEI

Sasa turudi kwa mgema wetu. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba bora ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano. Kipimo chao kikuu kilikuwa bei ya sokoni. Orodha hiyo ingali inatumika, na badiliko lake kubwa lilikuwa la mwaka 1973, pale Mouton Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Bei ikaleta daraja, na daraja likaendelea kuleta bei.

Mnamo tarehe 24 Mei, 1976, mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakusanya waonjaji Wafaransa mjini Paris na kuwaonjesha mivinyo ya Ufaransa pamoja na ya California bila kuwaonyesha chupa. Matokeo yalipojumlishwa, mvinyo mwekundu uliokuwa juu ulikuwa wa Stag's Leap Wine Cellars wa California, mavuno ya 1973. Mouton Rothschild ya mwaka 1970 ilikuwa nyuma yake.

Liko na jaribio la mwaka 2001, ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mjini Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno wanayoyatumia kwa mvinyo mwekundu. Macho yaliushinda ulimi. Na huko Chile, wakulima waliuza kwa miaka mingi mvinyo walioudhani kuwa Merlot, mpaka mwaka 1994 mtaalamu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, alipotambua shambani kwamba sehemu ya mizabibu ile ilikuwa Carmenère, aina iliyokuwa karibu kutoweka kwao Bordeaux.

Sisemi kwamba wataalamu hawajui kitu. Nasema kwamba hata wao hukosea pale jina, rangi au bei inapotangulia kuzungumza. Basi mimi na wewe tuna haki ya kukosea, na zaidi ya hapo, tuna haki ya kusema tunachokisikia ulimini.

Hata hivyo, bei ya chini mno nayo ina hila yake. Hapa Uingereza, tangu Februari 2025, ushuru wa mvinyo hufuata nguvu ya kileo, si thamani. Chupa ya asilimia 13 hulipiwa karibu pauni 3, iwe ya kifahari au ya kawaida, na juu yake ipo kodi ya VAT ya asilimia 20. Ondoa pia kioo, usafiri na faida ya duka. Katika chupa ya pauni 6, zinazobaki kwa ajili ya mvinyo wenyewe ni peni chache. Ukipanda hadi pauni 9 au 10, ushuru haupandi, na sehemu kubwa ya nyongeza yako huingia katika kile utakachokinywa. Kwangu mimi, hapo ndipo penye manufaa kwa mtu wa kipato cha kawaida.

CHUPA SITA ZA KUANZIA

Beaujolais, Ufaransa. Zabibu yake ni Gamay, ambayo Mtawala wa Burgundy, Filipo Shujaa, aliamuru ing'olewe katika nchi yake mwaka 1395. Amri ile haikuimaliza, nasi tunashukuru. Ni mvinyo mwepesi, ukakasi mdogo, harufu ya matunda mabichi. Unafaa kwa anayeanza, na ni msaada mkubwa kwa vyakula vyetu vya pilipili, kwa kuwa ukakasi mwingi na nguvu nyingi huongeza moto wa pilipili mdomoni. Nyote mnaopenda mvinyo mwekundu na samaki, anzeni hapa; mivinyo mizito ikikutana na samaki huacha ladha ya chuma.

Chianti, Italia. Hutoka Toscana, kwa zabibu ya Sangiovese, isiyopungua asilimia 70. Katika Chianti Classico, yenye alama ya jogoo mweusi, isiyopungua asilimia 80. Uchachu wake unapatana na nyanya. Mchuzi wa nyama wenye nyanya nyingi, au maharage yaliyoungwa, hupata mwenzi mwema.

Rioja, Hispania. Zabibu kuu ni Tempranillo. Hapa maneno ya lebo yana nguvu ya sheria. Crianza ni mvinyo mwekundu uliotunzwa angalau miaka 2, mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni. Reserva ni miaka 3, angalau mmoja ndani ya pipa. Gran Reserva ni miaka 5, angalau miwili ndani ya pipa. Pipa hulainisha ukakasi na kuacha harufu ya vanila na viungo. Kwa pilau ya nyama sijaona unaoizidi Reserva. Lakini jihadhari: katika nchi nyingi nyingine, neno linalofanana na hilo ni pambo tu la lebo.

Bordeaux, Ufaransa. Upande wa Médoc hutawaliwa na Cabernet Sauvignon, yenye ukakasi mkali. Upande wa Saint-Émilion na Pomerol hutawaliwa na Merlot, iliyo laini zaidi. Ukiwa mchanga usiunywe bila chakula. Mafuta na nyama huutuliza, kama chumvi inavyolituliza embe bichi.

Malbec, Argentina. Zabibu hii asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, lakini imepata makao mapya Mendoza, chini ya milima ya Andes, ambako mashamba mengi yako zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua, usiku baridi. Mvinyo wake ni mzito bila ukali. Kwa nyama choma ndio ninaoupeleka bila kufikiri mara mbili.

Pinotage, Afrika Kusini. Aina hii ilizaliwa mwaka 1925, pale Abraham Izak Perold wa Stellenbosch alipoichanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ina harufu ya moshi na matunda meusi. Lakini historia ya mvinyo wa Rasi, ulioanza mwaka 1659, ina uchungu usiotoka zabibuni. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoitwa dop, nayo iliacha ulevi na maradhi katika familia nyingi. Kwa hiyo mimi hutafuta chupa zenye alama ya Fairtrade. Utamu wangu usiwe uchungu wa mwingine.

NA YA KWETU JE?

Wengine mtaniuliza: nyumbani hakuna? Upo. Mzabibu uliota mizizi Dodoma kwa mikono ya wamisionari wa Kiitaliano huko Bihawana, katika miaka ya 1950, kisha ukaenea mashambani kwa wakulima wadogo. Zabibu nyekundu inayojulikana zaidi imepewa jina la Makutupora, kaskazini ya mji, kilipo kituo cha utafiti. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja. Dodoma haina baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Neema hiyo ina mzigo wake: zabibu haingoji, na mkulima asiye na mnunuzi siku ya mavuno huiona jasho lake likioza.

Mgeni mmoja alituletea chupa ya Dodoma, mkavu mwekundu. Nikaamua kufanya kama Spurrier. Nilichukua chupa tatu, ya Dodoma, ya Rioja na ya Bordeaux iliyonigharimu mara mbili ya Rioja, nikaziingiza ndani ya soksi na kuzipa namba. Tulikuwa watu sita. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi bila kumtazama mwenzake.

Sitawadanganya kwa ajili ya uzalendo: wa Dodoma haukushinda. Ulishinda wa Rioja. Lakini wa Dodoma ulishika nafasi ya pili, wakausifu kwa uchachu wake wa wazi, na Bordeaux ya bei kubwa ikawa ya mwisho kwa ukakasi. Ndipo mama watoto akaleta mbuzi wa kuchoma. Tukarudia kuonja pamoja na nyama, na Bordeaux ikapanda juu, Dodoma ikashuka. Somo langu likawa hilo: mvinyo hauhukumiwi peke yake, huhukumiwa pamoja na sahani. Nawashauri mjaribu wenyewe. Gharama ni soksi tatu.

JIONI YA PILI

Binti yetu aliolewa, na siku moja tukakutana tena na wazazi wa mkwe wetu mkahawani, safari hii mimi nikiwa mwenyeji. Mhudumu akazibua, akanimiminia tone. Nikazungusha, nikanusa. Boksi lililolowa, harufu ile ile. Moyo ulinidunda, nakiri. Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba mvinyo huu umeharibiwa na kizibo. Mhudumu alinusa, akaomba radhi, akaleta chupa nyingine. Haikuchukua hata dakika tatu.

Mzazi mwenzangu alinitazama kwa muda, kisha akatabasamu kama mtu aliyeshikwa na kosa la zamani. Akaniambia kwamba jioni ile ya kwanza naye aliusikia uvundo katika bilauri yake. Alinyamaza kwa kunistahi, akiogopa kuniaibisha mbele ya mke wangu na binti yangu. Mimi nami nilikuwa nimenyamaza kwa kumstahi yeye na pauni zake 40. Tukacheka hadi meza ya jirani ikageuka.

Basi, ndugu wasomaji, mkipewa lile tone, kumbukeni kwamba mnaulizwa swali jepesi na jibu mnalo. Semeni mnachokisikia. Walio na maswali, au waliopata chupa nzuri ya bei nafuu, wamwandikie mhariri ili sote tufaidike. Tutaonana toleo lijalo, panapo majaliwa.